Tusimcheleweshe Mama

Wako watu wanaosema, "Tungoje kidogo, huenda akajifungua salama." Mimi nasema kungoja huko kunaua.

Wakati mwingine mtoto hawezi kupita. Wakati mwingine kitovu hutangulia, mtoto akakosa hewa. Wakati mwingine mama hutokwa na damu nyingi kabla ya kuzaa. Hapo daktari huweza kuamua kumpasua mama ili amtoe mtoto.

Upasuaji huo una haraka yake. Madaktari wa Uingereza wamejiwekea lengo. Maisha ya mama au mtoto yakiwa hatarini pale pale, mtoto atolewe ndani ya dakika 30 tangu daktari alipoamua. Katika dakika hizo mama huandaliwa, hupewa dawa ya ganzi au ya usingizi, na vyombo huwekwa tayari. Lakini haraka hiyo itafaa nini, ikiwa sisi nyumbani tumepoteza saa 10?

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kupata matibabu hospitalini. Hilo la tatu ni la hospitali, na wanakijiji tuna haki ya kuuliza: je, chumba cha upasuaji kiko tayari usiku na mchana? Lakini la kwanza ni letu. La pili nalo twaweza kulipunguza.

Mimba ikifika miezi 7, mume na mke wakae wapange. Gari litatoka wapi? Fedha ziko wapi? Nani atatoa damu? Nani atabaki na watoto? Siku ikifika, mume akiwa safarini asingojwe. Mama mkwe naye asingojwe. Mwili ni wa mama. Yeye akikubali kupasuliwa, yatosha.

Wengine humcheka mama aliyepasuliwa. Si haki. Amezaa kama wenzake. Aliyecheleweshwa huweza kupasuka mfuko wa uzazi akafa, au kupata fistula akawa anatokwa na mkojo bila kujizuia.

Uchungu ukianza, mama aende kituo cha afya. Kama bado yuko nyumbani, na uchungu umepita saa 12, au damu inatoka, au kitovu kimetangulia, usiite kikao cha ukoo. Ita gari.