Gari la haibridi Dodoma: linamfaa nani?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, swali lile lile hurudi: hakuna gari la kupunguza makali haya? Siku hizi jibu linalotajwa sana vijiweni ni haibridi, hasa yale magari madogo yaliyoinuka kidogo yanayotoka Japani yakiwa yametumika, kama Honda Vezel na Toyota C-HR. Mwenye mfuko mnene zaidi hutaja RAV4. Kwa familia ya Kongwa au Bahi iliyouza alizeti na ng'ombe wawili watatu ili ipate gari moja, hili si suala la fasheni. Wakikosea, hakuna fedha ya kununua la pili.

Kwanza tuelewane kuhusu gari lenyewe. Haibridi tunayoizungumzia hapa ina injini ya petroli na mota ya umeme, na haichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Ukikanyaga breki au ukiteremka mlima, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri kubwa. Ukiondoka taratibu, umeme huo ndio unaosukuma gari, injini ikiwa imezima. Kwa hiyo faida yake kubwa iko kwenye kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Ukiwa kwenye lami ndefu kwa mwendo ule ule, injini ndiyo inayobeba kazi karibu yote.

Sasa tupige hesabu ya mfano, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na safari zake. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, na gari linatembea kilomita 40 kwa siku ndani ya mji: kupeleka watoto shule, sokoni Majengo, kazini, kurudi. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 4. Haibridi inayokwenda kilomita 16 itakunywa lita 2 na nusu. Umeokoa shilingi 4,500 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi ni 112,500, na kwa mwaka ni 1,350,000. Hiyo ni fedha ya kweli.

Lakini mchukue mfanyabiashara wa Manyoni au Kondoa anayekuja Dodoma mara mbili kwa wiki. Njia yake ni lami, mwendo wake haubadiliki sana, breki hazikanyagi mara kwa mara. Yeye hawezi kuokoa kiasi kile, ilhali bei ya kununulia na hatari ya betri ni zile zile. Sisi tungemshauri asikimbilie.

Halafu kuna barabara ya kutoka lami hadi nyumbani. Hapa umbo la gari linadanganya. C-HR ya haibridi inaonekana ngangari, lakini kwa vipimo vya kiwanda tumbo lake liko sentimita 14 tu kutoka chini. Vezel ya haibridi inayovuta kwa magurudumu mawili ina sentimita 18.5, na ile ya magurudumu manne, ambayo mtu angedhani ndiyo ya porini, iko chini zaidi: sentimita 17. Anayevuka korongo kila siku, au anayeishi kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonata wakati wa masika, achukue rula apime kabla ya kusikiliza sifa za dalali.

Adui mwingine ni vumbi, na kanda yetu ya kati inalo la kutosha kuanzia Juni hadi mvua zianze. Betri kubwa hupoozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi, au na gunia la mahindi lililoegeshwa pale, betri hupata joto na umri wake hupungua. Oktoba na Novemba, jua linapokuwa kali zaidi, ndipo hali huwa mbaya. Kusafisha kichujio cha tundu hilo ni kazi ndogo, ila wamiliki wengi hawajui hata kama kipo.

Ufundi nao si ule tuliouzoea. Umeme wa betri hiyo ni mkubwa: kwenye C-HR unapita volti 200, unaoweza kuua. Nyaya zake zina rangi ya chungwa, na fundi asiyejua kuukata umeme huo kwanza asiziguse. Likizima njiani, haliwashwi kwa kusukumwa. Wala usikubali livutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka chini, kwa sababu yanaweza kuzalisha umeme na kuharibu mfumo. Libebwe, au magurudumu hayo yainuliwe. Kutoka kijiji cha ndani Mpwapwa, gharama ya kulibeba si ndogo.

Kuna pia mtego wa umri. Gari dogo likifika nchini likiwa na miaka 8 hadi 10, TRA huongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likizidi miaka 10, asilimia 30. Vezel za kwanza zilitoka mwishoni mwa 2013, hivyo bei nzuri unayoiona mtandaoni huenda ni ya gari lililokwishavuka mstari huo, na betri yake imezeeka vilevile. Za miaka hiyo ya mwanzo ziliitwa tena na Honda huko Japani zaidi ya mara moja mwaka 2014, ikiwemo kurekebisha programu ya gia boksi. Muuzaji aulizwe kama marekebisho yalifanyika, aoneshe karatasi.

Ukifika kuliangalia, nenda na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, asome hali ya betri sehemu kwa sehemu. Inua kiti cha nyuma, tazama vumbi. Kisha liendeshe kwa nusu saa nzima, likiwa na watu wanne ndani, upande mlima, ukisikiliza gia zinavyobadilika. Muuzaji akikataa mojawapo ya hayo, funga pochi yako urudi nyumbani.