Ua la Mwambani na Kijidudu cha Udongoni

Juma lililopita mtoto mmoja wa mafundisho aliniletea ofisini ua la zambarau, lenye majani ya manyoya, alilolichuma mwambani kando ya kijito hapa kwetu Usambara. Nilitaka kumgombeza, lakini kosa lake ni nini? Hakujua.

Ua hilo limesafiri kuliko sisi. Bwana Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya zamani za Wajerumani, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani hulipanda vyunguni, wakaliweka dirishani.

Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jamii ya Streptocarpus, maana yake tunda lililosokotwa. Nikakumbuka somo wake, asiye na sura ya kupendeza: Streptomyces, kijidudu cha udongoni. Hawana ujamaa wowote ila hilo neno la kusokotwa. Hukioni kwa macho, lakini ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inaponyesha, sehemu kubwa ni kazi yake. Tena mwaka 1943 huko Marekani kijana Albert Schatz alipata kwake dawa ya streptomisini, iliyotibu kifua kikuu. Shangazi yangu alichomwa sindano hizo, naye yu hai.

Basi ni nani aliye hatarini? Si kijidudu. Ukame ukija, hubakiza chembe kama mbegu, zikalala mavumbini hata mvua irudi. Ua halina werevu huo. Lataka kivuli, unyevu na mwamba wake. Ukikata miti iliyo juu yake, jua huingia, nalo hukauka. Wako wasemao, “Si yamejaa vyunguni Ulaya?” Hayo ni uzao wa mbegu chache tu, ziko aina nyingine zisizoonekana ila mahali pamoja au pawili katika milima yetu.

Nilikwenda kwa baba wa mtoto yule, kwa kuwa nilisikia ataka kufyeka ukingo wa kijito apande maharage. Tulizungumza hata jioni. Miti ya mwambani ameahidi kuiacha msimu huu. Habari ya msimu ujao, asema, tutasemezana tena.