Besi ya kwanza ya mtoto: pima mwili wake kabla ya kupima mfuko

Maharage yakishauzwa, mzazi wa Ngara au Biharamulo huwa na orodha ndefu mkononi: sare, madaftari, michango ya shule, bima ya afya, pengine na mabati mawili matatu. Siku hizi kwenye orodha hiyo ameongezeka mgeni. Kijana wa miaka 12 au 13 anataka besi.

Wengi wanataka gitaa la besi kama la kwaya ya kanisani. Wachache, waliotazama video za muziki wa rokabili kwenye simu, wanataka ile besi kubwa ya kusimama, inayofanana na fidla iliyokua kupita kiasi, ambayo mpigaji huikumbatia na kuichapa kwa kiganja.

Ombi hilo lisipuuzwe. Muziki humfundisha mtoto kusikiliza, kusubiri zamu yake na kurudia jambo mpaka alijue. Tatizo ni kwamba wazazi wengi huanza na swali la bei. Swali la kwanza liwe hili: je, chombo hicho kinalingana na mwili wa mtoto huyu? Mtoto anayeumia vidole na mabega huacha kupiga ndani ya wiki chache, na fedha ya mavuno inabaki imetundikwa ukutani. Masikio nayo yakiharibiwa na kelele, hakuna dawa ya kuyarudisha.

Besi inayofanya kazi ya ngoma

Rokabili ni muziki wa Marekani wa miaka ya 1950. Julai 1954, mjini Memphis, Elvis Presley alirekodi wimbo wake wa kwanza sokoni akiwa na wenzake wawili tu: Scotty Moore kwenye gitaa na Bill Black kwenye besi ya kusimama. Hapakuwa na mpiga ngoma. Black alivuta uzi na kuuachia ugonge ubao, kisha akauchapa kwa kiganja, na mlio huo ukashika nafasi ya ngoma.

Mtoto akiona hivyo kwenye simu, huona mchezo. Asichokiona ni ukubwa wa chombo. Besi ya kusimama ya kipimo cha robo tatu, ambayo ndiyo hutumiwa na watu wazima wengi, ina urefu wa karibu sentimita 180 na uzito wa karibu kilo 10. Haipandi bodaboda. Nyuzi zake ni nene na huhitaji nguvu ya kidole kuzikandamiza. Vipo vipimo vya nusu na vya robo kwa ajili ya watoto, lakini kuvipata Kanda ya Ziwa ni kazi, na bei yake kwa kawaida huzidi sana ya gitaa la besi.

Anza na sanduku

Tanzania ina besi yake ya kusimama ambayo haihitaji duka. Katika kidumbak, muziki wa Zanzibar wa vikundi vidogo vya harusi na sherehe, besi hupigwa kwa sanduku. Ni boksi la mbao lililofunikwa chini, fimbo iliyosimama ukingoni, na uzi mmoja kutoka katikati ya boksi hadi ncha ya fimbo. Mpigaji akivuta fimbo, uzi unakaza na sauti inapanda. Akiilegeza, sauti inashuka.

Kwa mtoto anayeanza, sanduku linafundisha mambo mawili makubwa ya besi: kushika mwendo na kutafuta sauti kwa sikio. Besi ya kusimama haina vyuma vya kugawa sauti shingoni kama gitaa, hivyo sikio ndilo linaloongoza kidole. Mtoto aliyezoea sanduku atakuwa ameanza safari hiyo tayari.

Fundi seremala wa Rulenge au Nyakanazi anaweza kulitengeneza kwa siku moja. Mzazi asimamie mambo matatu ya afya.

La kwanza, chombo chenyewe kiwe safi. Usitumie pipa wala dumu lililobeba dawa za kuulia wadudu shambani au kemikali za kuchenjulia dhahabu, hata kama limeoshwa mara nyingi. Mtoto atalikumbatia, kisha atakula kwa mikono hiyo hiyo.

La pili, mbao zipigwe msasa na misumari isichomoze.

La tatu, uzi uwe wa nailoni au katani. Waya wenye kutu ukikata kidole, jeraha linaweza kuingiza pepopunda. Likitokea, lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, na mtoto apelekwe zahanati akiwa na kadi yake ya chanjo kama ipo.

Mpe miezi mitatu na sanduku. Akiendelea kulipiga bila kusukumwa, una sababu ya kufungua mfuko.

Gitaa la besi: vipimo vitatu vya kufanya dukani

Gitaa la besi lina nyuzi nne zenye sauti zile zile za besi ya kusimama: E, A, D na G. Atakachojifunza huku kitamsaidia kule. Ndiyo maana kwa familia nyingi hiki ndicho chombo cha pili chenye busara, tena kwaya nyingi zina mpiga besi anayeweza kumfundisha.

Nenda naye mtoto dukani. Mwombe mpiga besi wa kwaya awasindikize, hasa kama mnanunua gitaa lililotumika. Kisha fanyeni hivi.

Kipimo cha mkono: mtoto akae, ashike shingo ya gitaa karibu na vichwa vya kukazia nyuzi. Kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo. Kama mkono umenyooka wote au bega limepanda, gitaa ni refu mno. Yapo magitaa mafupi ambayo uzi wake ni kama sentimita 76, wakati ya kawaida ni 86. Sentimita hizo 10 ni nyingi kwa mtoto wa darasa la sita.

Kipimo cha kidole: akandamize kila uzi, mmoja mmoja. Kama analazimika kukunja uso, nyuzi zimekaa juu mno. Fundi anaweza kuzishusha. Asipoweza, acheni gitaa hilo. Tazameni pia shingo kwa jicho moja kutoka juu hadi chini kuona kama imepinda.

Kipimo cha uzito: kwa mabegi ya shule, wataalamu wengi hushauri mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 3 hadi 4 na nusu. Gitaa la besi la kawaida lina karibu kilo 4, yaani liko mpakani. Afanye mazoezi akiwa amekaa, na mkanda wa begani uwe mpana.

Malengelenge na mazoezi

Vidole vitauma mwanzoni. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha wiki za kwanza, na ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Lengelenge likitokea lisitumbuliwe. Likipasuka lenyewe, lioshwe kwa maji na sabuni, lifunikwe kwa bandeji safi, na mtoto apumzike. Kidole kikivimba, kikitoa usaha au mtoto akipata homa, nendeni kituo cha afya. Ganzi ya vidole au maumivu ya kifundo yasiyoisha baada ya kupumzika nayo yaonwe na mtaalamu.

Masikio hayana spea

Hapa ndipo wazazi wengi husahau. Besi ya umeme inahitaji spika, na katika kwaya nyingi spika husimama hatua mbili tu kutoka kwa mpigaji.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asisikilize sauti inayozidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Maana yake, kwenye desibeli 90, muda salama wa mtoto ni kama saa moja na robo kwa wiki nzima. Zoezi moja la kwaya lenye spika zilizofunguliwa sana linaweza kuumaliza.

Huhitaji mashine kujua hatari. Simameni mkiwa mmeachana urefu wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, kelele imezidi. Mtoto akitoka mazoezini akilalamika masikio yanalia au anasikia kama ameziba pamba, hilo ni onyo. Mwombe mwalimu wa kwaya asogeze spika mbali naye na apunguze sauti. Vizibo vya masikio vinasaidia, na nyumbani apige bila spika kabisa.

Kama ndoto ni ile kubwa

Kijana akifika kidato na bado anaitaka besi ya kusimama, ndoto yake ina njia hapa nchini. Vikundi vya taarab vya Zanzibar huitumia, na chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, hufundisha muziki wa huko. Mkibahatika kupata iliyotumika, chagueni yenye mwili wa mbao za tabaka zilizogundishwa, kwani huvumilia zaidi kiangazi cha Juni hadi Agosti kuliko ya mbao nzima, ambayo hupasuka kwa urahisi. Isiwekwe juani wala karibu na jiko. Nyuzi zote zisilegezwe kwa pamoja, kwani kijiti kinachosimama ndani yake kinaweza kuanguka. Mguu wake wa chini urekebishwe mpaka mwanzo wa nyuzi, juu ya shingo, uwe usawa wa nyusi za mpigaji.

Kwa leo, hayo yote yanaweza kusubiri. Kama mtoto ameomba wiki hii, ongea na seremala kuhusu sanduku, na Jumapili hii baada ya ibada ukaangalie spika za kwaya zimesimama wapi.