Kusema "Takriban" Siyo Uongo

Vijana wenzetu, na ndugu zetu wa mashirika,

Kuna hoja inazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: "Wanasayansi wenyewe hawana uhakika bahari ya zamani ilikuwa na joto kiasi gani. Sasa watajuaje kama limepanda?" Sisi tunaikataa.

Ni kweli, uhakika kamili haupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 baharia alikuwa anashusha ndoo, anavuta maji, anatumbukiza kipimajoto. Ndoo ikiwa ya turubai, upepo unaipiga na maji yanapoa kabla hayajapimwa. Baadaye meli nyingi zikaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, na hayo husoma joto zaidi. Vita ilipoisha mwaka 1945, vipimo vya meli za Marekani, nyingi za injini, vikapungua. Vya Uingereza, nyingi za ndoo, vikaongezeka. Kwenye rekodi bahari ikaonekana imepoa ghafla kama nyuzi 0.3. Kumbe kilichobadilika ni upimaji! David Thompson na wenzake wakaliandika hilo wazi kwenye jarida la Nature mwaka 2008.

Jamani, mwongo hufanya hivyo? Mwongo huficha. Leo rekodi ya HadSST4 ya Uingereza inatolewa kwa matoleo 200, kila moja likisahihisha makosa kivyake kidogo, ili tuone mashaka ni makubwa kiasi gani. Yote 200 yanaonyesha bahari imepata joto. Tena, kusahihisha zile ndoo kunapandisha joto la zamani, kwa hiyo ongezeko linaonekana dogo kuliko kwenye vipimo vibichi. Kama walitaka kututisha, si wangeacha tu?

Hili linatuhusu. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko wa Indonesia, mvua za vuli huku huzidi. Ilikuwa hivyo mwisho wa 2019, ikawa hivyo tena 2023, na maji yakaingia kwenye makazi ya wakimbizi Dadaab. Anayesema "tusubiri uhakika" hajalala kwenye hema lililojaa maji.

Na sisi wakimbizi tunaijua dharau hii. Ukisema kwenye mahojiano "tulikimbia kama mwezi wa tano hivi", unaonekana unadanganya. Anayetaja tarehe kamili aliyoikariri anaaminiwa. Hiyo siyo haki kwa mtu, na siyo akili kwa sayansi.

Tunachodai ni hiki. Mkituletea tahadhari ya mvua, tuambieni na kiasi cha mashaka yake. Tutaelewa, sisi siyo watoto. Halafu mitaro ichimbwe kabla ya mvua. Mashaka yanayopimika ni sababu ya kujiandaa. Hayajawahi kuwa ruhusa ya kukaa tu.