Mlima wa Lushoto, Bahari ya Tumbatu: Mama Mzazi Asingojeshwe Ruhusa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: Lushoto inatuhusu nini? Jawabu ni kuwa mlima wao ndio bahari yetu. Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto ni kiasi cha kilomita 33 za kona juu ya kona, na hiyo ndiyo njia ya lami. Vijiji vingi vya Usambara Magharibi, kwa upande wa Mlalo na Mtae, viko mbali zaidi, na wakati wa masika njia za udongo huteleza na kingo huporomoka. Mama akishikwa na uchungu usiku hubebwa kwa machela au kwa bodaboda. Mwenzake wa Tumbatu au Kojani hungojea chombo.

Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 una habari mbili. Ya kwanza ni njema: vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015-16 ulikadiria 556. Wanaozalia vituoni nao walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Ya pili ni nzito: watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi ni 24 kwa kila 1,000, na kabla walikuwa 25. Yaani kwa kichanga, hatujasogea.

Wataalamu hutaja kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Mawili ya mwisho kwanza ni dhamana ya serikali. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 na ambao upo Zanzibar pia, umesaidia: Bara hupigwa 115 bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, akalipwa na mpango. Lakini simu haipigwi mpaka mtu aamue. Hapo ndipo penye dhamana yetu.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Wanaume wengi wa Usambara huteremka mijini kutafuta riziki, kama wetu wanavyokwenda dago. Je, mke asubiri mume apatikane? Tunasema: hapana. Dharura huhalalisha yaliyozuiwa, na hukumu ni hiyo hiyo akikosekana daktari mwanamke. Mume mwenye busara hutoa ruhusa, na nauli, tangu mimba ikiwa changa.

Wapo wanaosema, mama aliyekufa kwa uzazi ni shahidi. Ni kweli, hadithi imekuja hivyo, nayo ni maliwazo kwa waliofiwa. Si udhuru kwa waliozembea. Aliyezama baharini naye ametajwa miongoni mwa mashahidi, na hatujaona mvuvi aliyeacha kutia kalafati mashua yake kwa ajili hiyo.

Na kichanga? Lushoto kuna baridi kali, hasa Juni na Julai, na baridi humuua mtoto mdogo kimya kimya. Akaushwe mara moja, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na asikoshwe siku ya kwanza. Anayetaka kumuadhinia amuadhinie pale pale kifuani, adhana itamfikia.

Misikiti yetu huchangisha kwa sanda na jeneza, na ni jambo jema. Basi tuwe na mfuko wa chombo na gari la mzazi pia, na wakfu wa nyumba ya kusubiria karibu na hospitali, ili wa mbali ateremke kabla ya siku zake. Suratul-Maida, aya ya 32, inatufunza kuwa anayeokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Hapa nafsi ni mbili.

Mwenyezi Mungu awahifadhi kina mama wa milimani na wa visiwani. Amin. Wallahu aalam.