Tathmini Kwanza, Greda Baadaye

Tarehe 20 Juni 2014, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, iliizuia Serikali yetu kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Walioiita hukumu hiyo adui wa maendeleo walisahau kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, tuliyoitunga wenyewe, inataka athari zitathminiwe kabla ya mradi kuanza.

Mlalamikaji alikuwa shirika kutoka Kenya. Nami, mkazi wa Singida, nauliza: barabara ikielekezwa kesho kwenye maziwa yetu, Singidani na Kindai, nani atayasemea mahakamani? Heroe wetu hawana wafadhili. Kinga yetu ni tathmini ya kweli, isomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya mitaa na vijiji. Watumishi wa umma, msisaini chochote kabla ya kuiona.