Ujumbe wa Simu Katika Kishikwambi: Ufunguo wa Pili wa Sanduku

Katika nyumba nyingi za Chamazi na Mbagala, wilayani Temeke, au za Bunju na Mabwepande, wilayani Kinondoni, jambo lifuatalo si geni. Uniti za umeme zimekwisha jioni. Baba yuko kazini Kariakoo, naye ananunua umeme kwa simu yake. Punde anapokea ujumbe mfupi wenye tarakimu 20 za LUKU. Lakini mita iko nyumbani, na ujumbe uko Kariakoo. Inambidi aunakili na kuutuma tena kwa mama. Akikosea tarakimu moja tu, mita itazikataa zote, na watoto watasubiri gizani. Mezani pale nyumbani kipo kishikwambi. Kama kingeonyesha ujumbe ule ule kwa wakati ule ule, mtoto angezibonyeza tarakimu katika mita, na taa zingewaka kabla baba hajapanda daladala.

Jambo hilo lawezekana, na wapo wanaolifanya. Hata hivyo wengi wao hawajui ni kitu gani hasa kinachotendeka wanapolifanya. Yafaa lielezwe kwa makini, na mahali panapofaa zaidi kulieleza ni shule ya sekondari; kwani kuupokea ujumbe wa simu katika kishikwambi ni sawa na kuchonga ufunguo wa pili wa sanduku la barua. Ufunguo huo una manufaa, lakini anayeuchonga hana budi kujua atakayeushika.

Sanduku la mtu mmoja

Kwa miaka mingi wananchi wa Tanzania waliandikiwa barua kwa kupitia Sanduku la Posta, na aghalabu sanduku moja lilitumiwa na shule nzima, ofisi nzima, au ukoo mzima. Barua ya mwanafunzi ilipita mikononi mwa watu kadhaa kabla haijamfikia. Simu ya mkononi ilileta badiliko kubwa lisilotajwa mara nyingi: ilimpa kila mtu sanduku lake mwenyewe. Sheria nayo ilikaza uhusiano huo. Laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho cha taifa, na tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zilizokuwa hazijasajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Leo namba ya simu humtambulisha mtu mbele ya benki, mbele ya wakala wa fedha, na mbele ya vyombo vya sheria.

Vishikwambi vilikuja kwa njia nyingine. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyoanza tarehe 23 Agosti, makarani walikusanya taarifa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Sensa hiyo iliuhesabu Mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728. Kati yao 1,346,674 walikuwa katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Baada ya kazi hiyo Serikali ilianza kuvigawa vishikwambi hivyo kwa walimu, ili viwasaidie katika kufundisha. Hivyo chombo hicho kimefika shuleni, na tabia yake ni tofauti na ya simu. Simu hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Kishikwambi huwekwa mezani, huazimwa, hupita mkono kwa mkono. Hapo ndipo penye tatizo: barua za sanduku la mtu mmoja zinafunguliwa katika chombo cha watu wengi.

Safari ya ujumbe

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza kufuatilia safari ya ujumbe mfupi. Mtu anapoandika ujumbe na kuutuma, simu yake huupeleka kwa mawimbi ya redio hadi kwenye mnara ulio karibu. Kutoka mnarani ujumbe hauendi moja kwa moja kwa mpokeaji, bali huenda kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kituo huulizia katika daftari kuu la wateja: laini hii iko chini ya mnara gani sasa? Kikipata jibu, hupeleka ujumbe kwenye mnara huo. Kama simu ya mpokeaji imezimwa, kituo huhifadhi ujumbe na kujaribu tena baadaye, mpaka muda wake wa kuhifadhiwa umalizike.

Yafaa izingatiwe kwamba kituo hakitafuti mtu, wala hakitafuti simu, kinatafuta laini. Ndani ya kadi ndogo ya laini mna namba ya utambulisho isiyozidi tarakimu 15, ambayo kwa laini za Tanzania huanza na 640. Namba ya simu ambayo watu hupeana ni jina tu lililoandikwa katika daftari kando ya namba hiyo ya ndani. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza simu hupewa kadi mpya na kubaki na namba yake ya zamani. Na ndiyo sababu tapeli akifaulu kupata kadi mpya kwa jina la mwingine, ujumbe wote huanza kumwendea yeye.

Ujumbe wenyewe ni mdogo sana. Una nafasi ya biti 1,120. Kila herufi ya alfabeti ya kawaida huchukua biti 7. Na 1,120 ikigawanywa kwa 7 ni 160. Hiyo ndiyo asili ya kikomo cha herufi 160. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alichapa sentensi za kila namna kwa taipureta na kuhesabu herufi zake, akaona kwamba nyingi hazikufika 160. Kiswahili kinatosha vizuri katika nafasi hiyo, maana herufi zake zote zimo katika alfabeti hiyo. Lakini mwandishi akitia kikatuni kimoja cha uso unaocheka, ujumbe wote hubadilishiwa hesabu na kila alama huanza kuchukua biti 16. Na 1,120 ikigawanywa kwa 16 ni 70 tu. Ujumbe wa kwanza wa namna hii ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi Neil Papworth: ulikuwa salamu za Krismasi, nao ulitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu. Kwa hiyo tangu mwanzo ujumbe mfupi haukuwa mali ya simu peke yake.

Njia mbili za kishikwambi

Kishikwambi chaweza kupokea ujumbe kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Njia ya kwanza ni kutia laini ndani yake, ikiwa kina mlango wa laini. Hapo kishikwambi huwa ndicho simu, na simu ya zamani hubaki bila laini hiyo. Hata hivyo vipo vishikwambi vinavyopokea laini kwa ajili ya intaneti pekee, visivyo na uwezo wa kushughulikia ujumbe mfupi. Mwenye chombo cha namna hiyo asidhani kimeharibika, ndivyo kilivyoundwa.

Njia ya pili ni kuunganisha kishikwambi na simu. Kampuni ya Apple iliileta kwa vyombo vyake mwaka 2014, na Google ilifuata mwaka 2018. Kwa kawaida kishikwambi huonyesha mchoro wa mraba wenye madoadoa meusi na meupe, na mwenye simu huupiga picha kwa simu yake. Tangu hapo, kila ujumbe unaofika katika simu hunakiliwa na simu yenyewe na kupelekwa kwenye kishikwambi kwa njia ya intaneti. Mnara haujui lolote kuhusu kishikwambi; kwa kampuni ya simu, ujumbe umekwisha kufika. Kwa hiyo simu ikizimika, au bando likiisha, kishikwambi hakipokei kitu, ingawa simu yenye mtandao lakini isiyo na bando huendelea kupokea ujumbe wake kama kawaida.

Faida na hatari

Faida za muungano huo ni dhahiri. Tarakimu za LUKU hufika nyumbani. Mzee asiyeona vizuri husoma kwa maandishi makubwa. Mwalimu hujibu wazazi kwa kutumia kibodi pana. Hakuna sababu ya kuwaogofya watu.

Lakini hatari nazo ni za kweli, na ni lazima zitajwe bila kutiwa chumvi. Namba ya siri ya fedha za simu haiji kwa ujumbe. Kwa hiyo anayesoma ujumbe katika kishikwambi hawezi kutoa fedha kwa kusoma tu. Hata hivyo ujumbe wa muamala huonyesha salio, na hivyo kila apitaye mezani hujua mwenye laini ana kiasi gani. Zaidi ya hayo, tarakimu za kuthibitisha akaunti za WhatsApp, za barua pepe na za huduma nyingi za benki huja kwa ujumbe mfupi. Anayeziona aweza kujifanya mwenye akaunti, kisha akawaomba ndugu na jamaa fedha kwa jina lake. Tena kishikwambi kilichounganishwa hakisomi tu, bali chaweza pia kutuma. Ujumbe wa matusi, au ule wa kitapeli unaojulikana na kila mtu nchini, usemao ile hela itumwe kwenye namba hii, ukitumwa kutoka kishikwambini utatoka kwa jina la yule aliyeweka alama zake za vidole.

Na liko la ndani zaidi. Kuunganisha huchukua dakika moja. Mume aweza kuichukua simu ya mkewe iliyo wazi, au mke simu ya mumewe, akaiunganisha na kishikwambi na kuirudisha mezani. Tangu hapo husoma kila neno, hata mwenzake akiwa mbali, maana intaneti haijali umbali. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haimfai sana mtu asiyejua kwamba sanduku lake lina ufunguo mwingine.

Jaribio la darasani

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni madogo, na kwamba mwalimu wa fizikia ana mada za kutosha. Wengine watasema kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, hivyo hakuna haja. Hoja hizo hazina nguvu. Mwanafunzi asiyeruhusiwa simu shuleni ndiye anayeombwa nyumbani awatengenezee wazazi simu zao. Na mada ya mawimbi, anayofundishwa kwa Kiingereza na kuikariri kwa ajili ya mtihani, hubaki maneno matupu asipoweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili kwa nini ujumbe umefika huku na haukufika kule.

Jaribio linalofaa halihitaji maabara. Zatosha simu moja, kishikwambi kimoja na laini isiyo na siri za mtu. Katika hatua ya kwanza vyombo vyote viwe na intaneti, kisha ujumbe utumwe: utaonekana katika vyote viwili. Katika hatua ya pili intaneti ya simu izimwe: ujumbe utaonekana katika simu pekee. Katika hatua ya tatu simu yenyewe izimwe: ujumbe hautaonekana popote, lakini simu ikiwashwa na kurudishiwa intaneti, utaingia kwanza katika simu, kisha katika kishikwambi. Mwalimu asieleze lolote kabla ya wakati. Wanafunzi wenyewe wachore njia ambayo ujumbe umepita, na waseme ni wapi ulipokuwa umehifadhiwa simu ilipozimwa. Darasa litakaloyajibu hayo litakuwa limeelewa mawasiliano ya simu kuliko watu wazima wengi wanaoyatumia kila siku.

Wajibu wa shule

Kutokana na hayo, mambo manne yapasa kuwa desturi. La kwanza, kishikwambi cha shule, au cho chote kinachopita mikononi mwa wanafunzi, kisiunganishwe na laini binafsi ya mwalimu. La pili, nyumbani, muungano ufanywe na mwenye laini kwa mkono wake na kwa hiari yake, na kishikwambi kiwe na neno la siri. La tatu, kila mwisho wa mwezi mwenye simu afungue programu ya ujumbe, atazame orodha ya vyombo vilivyounganishwa, na aondoe asichokitambua. La nne, kila mwananchi ajue kubonyeza *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuipeleka namba ya tapeli kwa 15040.

Baba wa Chamazi ana haki ya kupata mwanga nyumbani kwake bila kunakili tarakimu 20 kwenye daladala. Ana haki pia ya kujua kwamba njia ile ile inayopeleka tarakimu za umeme mezani itapeleka na salio lake, na tarakimu za benki, na maneno ya rafiki yake mgonjwa. Akijua yote hayo, ataamua mwenyewe kama aunganishe, na kishikwambi kikae wapi. Kazi ya shule ni kuhakikisha kwamba nyumbani mwake yupo angalau mtu mmoja, hata akiwa kijana wa kidato cha pili, awezaye kumweleza.